Lushoto kwa Miguu: Historia Iliyolala Mashambani

Kijana wa mjini akisikia neno "historia", mawazo yake hukimbilia daftari la shule: tarehe, majina ya magavana, sababu tano za hiki na matokeo matano ya kile. Mtihani ukipita, daftari linakwenda kufungia maandazi na habari inaishia hapo. Kumbe ipo historia nyingine, ambayo watu waliiandika kwa jembe na shoka juu ya ardhi yenyewe. Hiyo haifungiwi maandazi. Ukitaka kuisoma unahitaji viatu vigumu, chupa ya maji na nusu siku.

Makala hii, ndugu msomaji, inakualika tutembee. Tunaanzia mji mdogo wa Lushoto, katika Milima ya Usambara Magharibi mkoani Tanga. Tunapanda kwenye mashamba mpaka jiwe la Irente, halafu tunarudi kwa njia nyingine, kupitia miti na vijishamba vya bondeni, hadi sokoni tulikoanzia. Kwenda peke yake ni kama kilomita sita. Wenyeji hufanya safari hii kama mchezo, tena na mzigo kichwani. Sisi wa Dar tuliozoea daladala tutahema kidogo, lakini tutafika.

Nakuomba jambo moja tu. Njiani utaona mistari mingi: ukingo wa msitu, mpaka wa shamba, tuta, safu ya majani inayokatiza mteremko. Kila ukiuona mstari, uliza: ni nani aliuchora, na ni nani hakuutaka?

Tuanze na mji wenyewe. Ukiteremka kwenye basi baada ya zile kona za kutoka Mombo, kilomita 33 hivi, utahisi baridi na utaona mji uliojibana bondeni: soko, makanisa, misikiti, majengo ya serikali yenye kuta nene, miti mirefu iliyopandwa kando ya barabara. Wajerumani walipaita Wilhelmsthal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Walikuwa wakikimbia joto na malaria ya pwani, na hewa ya hapa iliwakumbusha kwao. Reli yao kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, milima hii ikawa karibu, na walowezi wakaja kutafuta mashamba.

Shamba bila mikono ni pori. Mikono ilikuwepo, lakini Washambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuacha migomba yao wakalime ya mgeni kwa ujira mdogo. Basi mwaka 1907 utawala wa wilaya hii ukatoa dawa yake: kadi. Kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi yake ijazwe. Asiyejaza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Hebu fikiri, bwana, unaishi kwenu, unalima kwenu, halafu unadaiwa kikaratasi cha kuthibitisha kwamba umelima kwa mwenzio! Mwaka 1916 Waingereza waliingia, na mji ukaacha jina la mfalme wa ng'ambo. Lakini barabara ni zilezile, na bonde ni lilelile. Unapokanyaga lami ya Lushoto kumbuka kadi ile.

Sasa tuanze kupanda. Njia ya Irente inaacha mji na kuelekea upande wa magharibi na kusini. Dakika chache tu, makelele ya stendi yamekwisha, na watoto wanakupigia salamu. Ukikutana na bibi asubuhi mwambie "onga mahundo", utaona uso wake unavyofunguka. Pande zote ni mashamba: mahindi, maharage, viazi, kabichi, karoti, hapa na pale mti wa plamu au pichi, na migomba iliyozunguka nyumba.

Migomba hiyo ndiyo mzee wa mji. Zamani ndizi ndizo zilikuwa chakula kikuu cha milima hii, na mahindi yalikuja kutawala baadaye. Tofauti yake si ya ladha tu. Mgomba unakaa miaka mingi mahali pamoja, majani yake yanaifunika ardhi, na mvua haipati nafasi ya kuichapa. Mahindi yanataka ardhi wazi kila msimu. Kadiri watu walivyoongezeka na mahindi yalivyopanda mlima, ndivyo udongo ulivyoanza kuteremka. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Katika milima hii ardhi haikuwa mali ya kupimwa kwa hatua tu. Ilikuwa kipimo cha utawala. Wengi tumesikia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliyeota meno ya juu kwanza, akaitwa kigego na kuonwa kuwa nuksi. Masimulizi yanasema alifika Shambaai na mbwa wake, akaua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mazao, nyama akawagawia wenyeji nao wakampa chakula cha shambani. Baadaye aliua simba, akapewa jina la Simba Mwene, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vugha, upande wa kusini wa milima. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake *Habari za Wakilindi*. Wewe unayejaribu kuandika, kitafute. Ni babu yako katika kazi hii, na wasomi wa dunia nzima wamekitumia, ilhali sisi wenye lugha yetu wengi hatujakiona hata jalada.

Angalia vizuri masimulizi hayo yanasema nini. Mgeni hakupewa ufalme kwa sababu ya upanga wake. Alipewa kwa sababu alilinda mashamba na kushibisha watu. Kwa Kishambaa kuna maneno mawili mazito: *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi, na *kubana shi*, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu aliaminika kuishika mvua. Nchi ikipona, mvua inanyesha kwa wakati na watu wanashiba. Nchi ikiharibika, ni njaa na vita. Kwa hiyo mtu akilima hapa, alikuwa pia anampima mtawala wake. Mvua ilipokosekana, swali halikuwa la hali ya hewa peke yake.

Tumepita kijiji cha Yoghoi. Sasa miti inaachana, na ghafla ardhi inakwisha.

Hapa ndipo Irente. Usisogee sana ukingoni, hakuna utani. Mbele yako mlima umekatwa kama kwa panga, na karibu mita elfu moja chini kumetandikwa nyika, kavu na yenye rangi ya vumbi, mpaka macho yanapochoka. Watalii wanakuja kupiga picha hapa, na kweli panapendeza. Lakini kwa Mshambaa wa zamani huu haukuwa mwisho wa dunia. Juu ni Shambaai, penye ubaridi na migomba. Chini ni nyika, penye joto. Vijiji vya ukingoni vilijua kutumia pande zote mbili: mtu alikaa juu na kuwa na shamba jingine chini, ili jua likichoma huku, kule kuwe na chochote cha kutia chunguni. Ukingo huu ulikuwa benki yao.

Chini pale, karibu na mguu wa mlima, ni Mazinde. Padogo panavyoonekana kutoka juu! Lakini pale ndipo historia ya nchi hii ilipogeuka. Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkubwa wa Vugha, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na 1852, alifariki mwaka 1862. Nguvu zake zilitoka mlimani, kwenye mvua, kodi za vyakula na heshima. Mwanawe Semboja aliona dunia inakwenda wapi. Aliteremka akakaa Mazinde, kando ya njia ya misafara iliyofuata bonde la mto Pangani. Misafara ilikuja na bunduki na baruti, na ikaondoka na pembe na watu. Ndiyo, watu. Vita vya wana wa Kimweri vilipopamba moto, mwenye bunduki aliteka, na aliyetekwa aliuzwa ili zinunuliwe bunduki zaidi. Milima iliyokuwa na mfalme wa kuponya nchi ikawa na wakubwa wanaouza wananchi. Wazee wa Kishambaa wana jina la hali hiyo, na umeshalisikia: kubana shi.

Wajerumani walipokuja walikuta nyumba imeshapasuka. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa mtawala wa Vugha. Mwaka huohuo pia serikali yao ilitoa amri kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" ni mali ya dola. Kijana, hayo maneno matatu, "isiyo na mwenyewe", yachunguze kama mwandishi. Shamba lililopumzishwa miaka michache ili lirudishe nguvu lilionekana kwa mgeni kuwa halina mtu. Kalamu moja tu ikafanya kazi ya jeshi.

Kabla hatujaondoka jiweni, tazama tena nyikani. Ile mistari iliyonyooka kama imepigwa rula ni mashamba ya mkonge. Mmea huo si wa hapa. Dk. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, asili yake Meksiko, na inasimuliwa kwamba miche iliyofika salama ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo ulitoka utajiri uliobeba uchumi wa Tanganyika kwa miongo mingi, na vilevile migongo mingi iliyopinda. Asili haipendi rula. Ukiona kitu kimenyooka hivyo, jua kuna mtu alisimamia.

Tugeuke sasa. Tunarudi kupitia upande wa shamba la Irente, linalomilikiwa na kanisa la Kilutheri, ambako mpita njia huweza kununua mkate, jibini na jemu. Kuna miti ya kutosha hapa ya kukupa kivuli: mikaratusi iliyoletwa, migrivea iliyoletwa, na katikati yao miti ya asili iliyobaki. Ukiinua macho kaskazini utaona weusi wa msitu wa Magamba. Huko bado kuna mikulo na mbega weusi kwa weupe, na ukungu unaokaa mpaka saa nne asubuhi.

Kwa nini msitu unaishia pale unapoishia, na shamba linaanzia hapo? Huo nao ni mstari. Mwaka 1904 Wajerumani walitunga sheria ya misitu, na sehemu kubwa za misitu ya milima hii zikawekwa chini ya serikali. Mwenyeji aliyekuwa akipata humo dawa, kuni, asali na nguzo za nyumba akawa mwizi kwa kuamka asubuhi tu. Wakati huohuo, kule Shume, kampuni ya Kijerumani ilikata miangati mikubwa na kuiteremsha kwa waya uliotundikwa angani mpaka Mkumbara relini. Kwa hiyo shoka la mwenyeji lilikuwa uharibifu, na shoka la kampuni lilikuwa maendeleo.

Hapa lakini lazima tuwe wakweli, tusiandike historia ya mapambio. Ule mstari uliochorwa kwa ubabe ndio pia uliosaidia msitu kubaki. Leo Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, na maji mengi ya mabonde haya yanatoka huko. Mkulima anayemwagilia karoti anakunywa kutoka kwenye mpaka uliomnyima babu yake kuni. Ukitaka kuandika habari hii kwa rangi mbili, nyeusi na nyeupe, waachie mbega.

Tunateremka bondeni. Angalia mteremko ulio mbele yetu. Unaona safu za majani marefu zinazokatiza shamba, moja juu ya nyingine, kama ngazi? Pengine unaona na alama za matuta ya zamani. Hapa ndipo pa moto kuliko pote tulipopita.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliona udongo wa Usambara unakwenda na maji. Katika hilo hawakusema uongo. Mwaka 1946 walianza mpango bonde la Mlalo, na kufikia mwaka 1950 wakausambaza katika Usambara nzima. Amri ilikuwa kila mtu achimbe matuta shambani mwake, na mteremko mkali usilimwe kabisa. Asiyechimba alipigwa faini. Waliosimamia faini hizo walikuwa machifu, watu wa ukoo uleule uliowahi kupimwa kwa kuponya nchi.

Ukisoma ripoti za wakubwa wa wakati ule utadhani wakulima walikuwa wakaidi tu, eti hawakujua faida ya udongo. Waulize wakulima wenyewe. Kuchimba tuta kwenye mteremko ni kazi ya kuvunja mgongo, na aliyelima chakula kila siku alikuwa mwanamke. Tuta lilikula sehemu ya shamba, na mwenye shamba dogo alibaki na dogo zaidi. Aliyeazima shamba kwa jirani alijikuta njia panda: akichimba tuta la kudumu kwenye ardhi ya mtu, mwenyewe atahofu kwamba anataka kuimeza. Na nyuma ya yote kulikuwa na woga ambao historia ilikuwa imeupalilia: mlima huu umewahi kuchukuliwa kwa kalamu. Nani angeapa kwamba shamba likishatengenezwa vizuri halitapewa mlowezi?

Watu walikataa. Walikataa kimyakimya kwa kulegeza jembe, na walikataa kwa sauti kwa mikutano na kelele barazani. Chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 kilikuta huku kuni zimeshakauka, kilichobaki ni kiberiti. Kufikia mwaka 1958 mpango wa matuta ulikuwa umekufa. Machifu nao walitoka hapo wakiwa wamechafuka, kwa sababu machoni pa watu wao walikuwa wamekula upande wa kuharibu nchi. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru ikafuta uchifu, na wengi hawakulia.

Sasa zile safu za majani zimetoka wapi, kama watu walikataa? Mwaka 1981 ulianza mpango mwingine, wa Tanzania na Ujerumani, wa kuzuia mmomonyoko na kuchanganya miti na mazao. Wao walikuja na majani ya guatemala, vichaka na miti kama mgrivea, yapandwe kukingama mteremko. Shabaha ni ileile ya Mwingereza: udongo usitoroke. Lakini majani yanakatwa yakalisha ng'ombe wa zizini, ng'ombe anatoa maziwa na samadi, mti unatoa kuni na nguzo. Mkulima alipata kitu mkononi, na hakuna aliyemfuata na karatasi ya faini. Si kila mahali yamedumu, utaona mengine yameng'olewa na mengine yamesahauliwa. Hata hivyo, mtu yuleyule aliyeitwa mkaidi miaka ya 1950 ndiye aliyeyapanda, au mwanawe.

Mimi nasema hiyo ndiyo habari kubwa ya mzunguko huu. Watu wa Shambaai hawakuwahi kukataa kuiponya nchi. Walikataa kuponyewa nchi yao na mtu asiyewauliza. Kati ya mambo hayo mawili kuna bonde refu kuliko la Irente, na serikali, miradi na mashirika mangapi yametumbukia humo, si Lushoto tu. Hata leo, kijana msomi anaposhuka kijijini na kompyuta yake kuwafundisha wazee kulima, anatembea kwenye ukingo uleule.

Tumefika sokoni. Karoti zimerundikwa, kabichi zinapakiwa kwenye lori usiku ziamkie Dar, na pengine ile kachumbari yako ya kijiweni ilianzia safari yake kwenye mteremko tuliopita. Kaa, kunywa chai, toa daftari.

Na hapa nina ombi kwa wenzangu wa kalamu. Walioishi na kadi ya 1907 hawapo tena, tumebaki na karatasi za waliowatawala. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1955, aliyemfuata mama yake shambani na kumwona akilazimishwa kuchimba tuta, leo ana miaka 80 hivi. Yuko barazani kwake Lushoto, Mlalo, Bumbuli, na anakumbuka. Anajua mama alisema nini siku ya faini. Anajua ni wimbo gani uliimbwa, chifu alijibuje, nani alichimba usiku ili asionekane na majirani. Hayo hayamo kwenye faili lolote.

Tunalalamika vijiweni kwamba hatuna cha kuandika, kwamba hadithi zote zimekwisha andikwa, kwamba mapenzi na maisha magumu ya mjini yamechosha. Basi panda basi la Lushoto. Mtafute kijana mwenyeji akuongoze, umlipe haki yake. Zunguka mashamba polepole, halafu umwamkie mzee huyo shikamoo, ukae chini, umwachie aseme kwa Kishambaa kama ndivyo anavyotaka, na umwombe mjukuu wake atafsiri. Usimharakishe. Ila usichelewe kwenda.